Kopo la Mafuta Juu ya Kichuguu

Wakosaji katika habari hii ni watatu: mwalimu wa kwaya, mchungaji, na kuku mmoja mwekundu. Majina yao siyaandiki. Kuku hakuwa na jina, na wale wawili wakisikia wametajwa kwenye maandishi watafikiri ni sifa. Lakini kazi zao nimezisema, na mtu wa kijiji chetu cha Juru akisomewa haya ataanza kucheka kabla sijafika mbali. Kuku nilimsamehe zamani. Yeye alikuwa na njaa. Wenzake walikuwa wameshiba.

Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mimi na mama tu. Tulipotoka kwetu, milima ya juu ya Uvira, tulikuwa wengi, na hiyo hesabu siifanyi hapa. Kule Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wageni, tulilala chini ya hema refu na watu wa kila lugha, tukingoja kupewa shamba. Siku yetu ilipofika, afisa mmoja Mganda, mwenye buti ambazo hazijawahi kuona matope, alitupakia kwenye lori na wengine, akatupeleka Juru. Akatembea mbele yetu kwenye nyasi, akasimama, akanyoosha mkono.

"Ni hapa. Kutoka ile mti mupaka ile mti."

Kati ya ile mti na ile mti kulikuwa na kichuguu. Usifikirie vile vichuguu vidogo ambavyo mtoto anapiga teke. Hiki kilimpita mwanamume kwa urefu, upana wake ulikuwa wa nyumba, na kichwani kilikuwa kimeota vichaka. Hatukupewa shamba lenye kichuguu. Tulipewa kichuguu chenye shamba kidogo pembeni.

"Mukubwa," nikamwambia, "na huu mulima tutaufanya nini?"

"Nyabo, wewe si umetoka Congo kwa milima? Serikali nakupa mulima moja, usikumbuke nyumbani."

Lori zima lilicheka. Wenzetu walipewa ardhi tambarare, wakapanda mahindi na maharage, na jioni walikuwa wakipita kwetu kutuuliza kama mulima wetu umeshaota.

Mama hakucheka, wala hakulalamika. Wakati ule alikuwa hasemi mengi. Ubaya ni kwamba alikuwa pia hali. Tulikuwa tunapewa mahindi ya njano, maharage ambayo unayachemsha mpaka kuni zinakwisha na bado yanakuangalia tu, na mafuta kwenye kopo la bati. Mama alikuwa anatia tonge mdomoni, anatia la pili, halafu anasukuma sahani kwangu. "Nimeshiba," anasema, mtu ambaye ungeweza kutundika nguo kwenye mifupa ya bega lake. Nikimbembeleza, ananijibu kwamba mahindi ya rangi ile hata kuku wa kwetu angeuliza kwanza yametoka wapi.

Nikampeleka zahanati. Muuguzi akamtazama macho, akamtazama ulimi, akanigeukia mimi. "Mupe nyama, mayai, samaki. Ale vizuri." Nikamshukuru sana. Nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba nyama inajenga mwili.

Kwa hiyo mimi Nakivale sikuwa na haja nyingi. Sikuota kupelekwa Amerika kama majirani. Nilitaka mama ale. Mtu akimbie risasi mpaka nchi nyingine, avuke salama, halafu afe kwa sababu ya sahani? Utawaelezaje ndugu, kama wamebaki?

Mvua za kwanza zilipopita, siku moja jua likiwa juu ya kichwa, nilimwona mama anazunguka kile kichuguu polepole. Akaweka kiganja juu yake. Akaweka sikio. Mimi nikajisemea, basi, na akili nayo imeondoka.

"Biko ndani," akasema.

"Nini, mama?"

"Kumbikumbi. Leta ile kopo ya mafuta. Leta shitingi na bulangeti."

Shitingi ni lile turubai la plastiki tulilopewa kuezekea nyumba. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa ni shitingi na maombi. Nikamuuliza mvua ikinyesha tutalala wapi. Akaniambia mvua atainyesha yeye.

Sikiliza sasa alichofanya. Alifunika upande mmoja wa kichuguu kwa shitingi, juu yake blanketi, giza liingie. Chini akaacha mlango mdogo, mbele ya mlango akachimba shimo, ndani ya shimo akaweka beseni. Akanyunyiza maji juu ya udongo kidogo kidogo, kwa vidole, kama mtu anayenyunyizia nguo kabla ya pasi. Kisha akaliegemeza kopo tupu juu ya kichuguu, akakaa, akachukua vijiti viwili, akaanza kupiga.

Ta. Ta-ta. Ta.

Mwanzo yalikuwa matone ya mvua inayositasita. Halafu yakaongezeka, lakini hayakuwahi kwenda sawa. Mdundo ule ulikuwa unachechemea. Mkono wa kulia ulikwenda mbele, wa kushoto ukachelewa kidogo, ukafika, ukachelewa tena, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Sababu yake naijua. Mkono wa kushoto wa mama uliumia njiani, tulipokuwa tunakimbia, na vidole viwili havikukunjika tena. Chini ya mdundo alikuwa anaimba kwa sauti ya puani maneno ya kuwaita, ya lugha ya kwetu, ambayo hayana maana yoyote ila kuita.

Mimi nilikaa mlangoni na beseni nikiona aibu. Majirani walishaanza kusimama barabarani. Mkongo na mama yake wazimu wanapigia udongo muziki.

Wa kwanza kutoka walikuwa wafanyakazi, wale wadogo wasio na mabawa. Walipanua vitundu vya udongo kutoka ndani. Nyuma yao wakaja askari wenye vichwa vikubwa kuliko miili, wakajipanga pembeni mwa vitundu, wakakodoa macho. Nikafikiri, hata huku kuna watu wa kukagua wanaotoka. Halafu wakaanza kumwagika wenyewe, wenye mabawa, wanene, wanang'aa kama mafuta, wanapandana mgongoni, wote wakikimbilia ule mwanga wa mlangoni na kuangukia kwenye beseni langu. Wadudu wale wanaishi chini ya ardhi siku zote wakingoja mvua moja. Ikija, wanatoka, wanaruka kidogo, wanaangusha mabawa, na nyumbani hawarudi tena. Na hapa walitoka kwa sababu ya kopo la msaada na mwanamke mwenye mkono mmoja mzima.

Mama akaokota mmoja, hakumnyofoa hata mabawa, akamtia mdomoni mdudu bado anatembea. Akatafuna. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimemwona anatafuna kitu kwa nia.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

Tangu tuondoke nyumbani hakuwa ameomba kitu chochote. Nilikimbia kutafuta chumvi kama mtu aliyetumwa na serikali.

Majirani waliotucheka walikuja na masahani, kila mmoja akikumbuka ghafla kwamba sisi ni watu wa kanisa moja. Tuliwapa. Waliobaki niliwakaanga bila mafuta, wana mafuta yao wenyewe, nikawaanika, nikawabeba mpaka mjini Mbarara. Kule, karibu na stendi ya magari, kulikuwa na mama mmoja Munyankole aliyekuwa anauza senene, wale panzi wa kijani, mlima mzima kwenye ungo. Akachungulia mfuko wangu, akakunja pua.

"Nyinyi Bakongo nakula kila kitu ile natembea!"

"Na yako hiyo, mama, haikuwa natembea?"

"Hii naruka!" akasema. "Iko tofauti."

Akaonja mmoja ili apate kunitukana vizuri. Akaonja wa pili. Kufikia wa nne akaniuliza nitarudi lini, akaniita mukwano, yaani rafiki. Tangu siku ile nilikuwa nampelekea kila walipotoka, na niliporudi Juru nilikuwa na samaki wakavu na unga wa muhogo, wa kupika ule ugali ambao mama aliuita chakula bila kutia mashaka. Kwa hiyo kichuguu kilimlisha mara mbili: mara kwa mkono wake mwenyewe, mara kupitia Mbarara. Mifupa ya bega ikaanza kujificha. Akaanza hata kugombana nami kuhusu jinsi ninavyofagia. Nilifurahi sana kutukanwa.

Hapa anaingia mwalimu wa kwaya.

Alikuwa mtu wa kwetu kwetu, wa Kivu ya Kusini, kijana wakati huo, amesoma sekondari mpaka mahali fulani ambapo kila mwaka palikuwa panasogea mbele. Alivaa tai kwenda kuchota maji. Mara ya kwanza alikuja na sahani, kama wengine. Mara ya pili alikuja bila sahani, akasimama nyuma ya mama wakati anapiga, akipiga paja lake kwa vidole. Mama akamwambia kaa, usisimame nyuma ya mutu kama mwizi. Akacheka. Mama hakuwa anatania.

Haikupita muda, mazoezi ya kwaya yakahamia kwenye kivuli cha kichuguu chetu. Eti sauti inarudi vizuri. Wakaleta ngoma yao. Na ngoma ikaanza: ta, ta-ta, ta. Na kule kuchelewa. Alikuwa amechukua kila kitu. Mpiga ngoma wake alikuwa kijana mwenye vidole kumi vizima, na alifundishwa kuchechemea.

"Mwalimu," nikamuuliza, "huu mudundo umeutoa wapi?"

"Ndoto, mama. Bwana alinionyesha kwa ndoto."

Ndoto yake iliota mpaka kidonda cha mama yangu.

Alasiri moja, mvua ilikuwa imepita asubuhi, wakaimba wimbo wao huo kwa nguvu zote. Wakiwa katikati ya haleluya, kumbikumbi wakaanza kutoka. Kwaya ikaimba huku inainama. Waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wanatafuna. Mwalimu akainua mikono yote miwili, uso unang'aa.

"Munaona? Munaona? Hata bidudu binasikia Injili!"

"Binasikia mvua," mama akasema kutoka mlangoni.

Lakini nani anamsikiliza kikongwe wakati wa muujiza?

Jumapili mchungaji akapanda mimbarini. Huyu alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, mwenye sauti ya kumfanya mtu aungame dhambi za jirani. Akasema wana wa Israeli walipewa mana jangwani, na sisi wana wa Kivu tumepewa kumbikumbi hapa Nakivale. Watu wakalia. Mimi pia nilikuwa karibu kulia, mpaka alipofika mwisho wa mahubiri. Akasema kitu ya Mungu haiwezi kukaa kwa shamba ya mutu. Kitu ya Mungu inakaa kwa nyumba ya Mungu.

Waliomjua walielewa. Kanisa lilikuwa na kiwanja kizuri, tambarare, bila hata mchwa mmoja. Walitaka kichuguu kihamie kanisani.

Unahamishaje kichuguu? Nilifikiri hapo ndipo akili itakapowarudia. Lakini mwalimu wa kwaya alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa la Kifaransa.

"Kuko reine ndani," akatueleza, akija kwetu na wazee wawili wa kanisa. "Malkia. Ukibeba reine, bale bengine bote banafuata. Ni sawa vile président na raia."

"Sisi tulifuata président gani mupaka huku?" nikamuuliza.

Wazee wakakohoa. Mwalimu akasema mama, usilete politique kwa mambo ya Mungu.

Nikakataa. Mama akakataa. Wakaondoka kwa heshima zote, wakaomba hata baraka. Nami mjinga nikafikiri yamekwisha.

Walingoja siku niliyokwenda Mbarara. Mama alikuwa peke yake mlangoni. Walikuja na sare zao za kwaya, mashati meupe, na majembe. Nilisimuliwa na jirani ambaye alikuwa anatazama, na ambaye, kwa uaminifu wake, alitazama mpaka mwisho bila kufanya chochote. Walichimba ubavu wa kichuguu mpaka wakafika chumba cha ndani, kigumu kama chungu, wakakivunja.

"Mukimutoa humo, atakufa," mama aliwaambia.

"Koko, amini tu," mwalimu akamjibu. Koko ni bibi. Walikuwa na adabu nzuri.

Niliporudi nilikutana nao njiani. Walikuwa wamepanga mistari, wanaimba, na mwimbaji mmoja mbele amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa cha meza ya Bwana. Nikafuata, mzigo kichwani, kwa sababu mtu anapoibiwa anapenda kujua angalau kitu kinapelekwa wapi.

Kanisani walikuwa wametengeneza lundo la udongo waliotoa kwetu. Wakamweka malkia juu yake. Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Kichwa kidogo cha mchwa wa kawaida, halafu tumbo nene kupita kidole gumba cha mwanamume, jeupe, linapumua. Miguu haifiki hata chini. Yule maskini hakuwa ameona jua tangu ajifungie ndani. Mchungaji akaomba. Mwalimu akasimama kati ya lundo na kwaya, mgongo kwa malkia, uso kwa waimbaji, akainua mikono.

Lazima ujue jinsi alivyowafundisha. Kwaya yake ilikuwa na sheria moja kubwa: hakuna kunyamaza mpaka mkono wa mwalimu ufunge. Mtu akianguka, imba. Paa likivuja, imba. Mkono ndio unaofunga wimbo.

Kuku mwekundu alikuwa wa mchungaji. Alitokea nyuma ya nyumba, anatembea kwa kupumzika. Kwaya nzima ilimwona. Nami niliwaona wakimwona. Macho yao yote yalihama pamoja, kushoto kwenda kulia, kama macho ya watu wanaotazama mpira. Wanaimba. Kuku akapanda lundo. Wanaimba. Mpiga ngoma alikuwa ametoa macho kama chura, na anachechemea vizuri kuliko siku zote. Mwalimu, akidhani wameguswa na Roho, akawapa ubeti wa pili. Kuku akainamisha kichwa upande, akatazama kwa jicho moja, akadona. Ilimbidi anyooshe shingo mara kadhaa ili ameze. Mkono wa mwalimu ukafunga.

"Amina," akasema mchungaji, ambaye alikuwa amefumba macho.

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nilipofika nyumbani mama alikuwa bado mlangoni, kopo kwenye mapaja.

"Bamemufanya nini?" akauliza.

Nikamwambia kweli.  Akaning'iniza kopo kwenye nguzo ya nyumba.

Sisemi kwamba kuku alimuua mama yangu. Alikuwa mzee, mwenye homa zake, na amebeba vitu ambavyo si vya kubebwa. Ninasema tu kwamba kumbikumbi hawakutoka tena, kwamba sikuwa na cha kupeleka Mbarara, na kwamba sahani ilianza tena kusukumwa kwangu. "Nimeshiba." Mifupa ikarudi. Mvua zilizofuata hakuzimaliza.

Kwaya ilikuja kumzika, bila shaka. Walikuja na ngoma. Mwalimu akatangaza mbele ya kaburi kwamba wataimba wimbo ambao Bwana alimpa kwa ndoto. Wakamzika mama kwa mkono wake mwenyewe, na mimi ndiye niliyepika chai yao.

Miaka ikaenda. Ile kwaya ilipanda gari mpaka Mbarara, ikaingia studio, ikarekodi wimbo ule. Wakauongezea kinanda. Basi ukawa huna pa kujificha. Ukipita Misiera, kwenye maduka ya wakimbizi, unaukuta kwa kinyozi, unaukuta kwa anayechaji simu, unaukuta kwa muuza sambaza, vile visamaki vya kwetu. Nilikuwa nanunua sabuni haraka, kama mtu anayedaiwa. Mwalimu alinenepa, akaoa, akapata hata heshima ya kufungua semina. Mchungaji alihamia kanda nyingine, na nasikia huko anafuga bata.

Halafu, mvua moja, nikiwa napalilia maharage kwenye lile shamba la pembeni, nikaona udongo mbichi kwenye ubavu wa kichuguu, pale pale walipopasua. Udongo wa kahawia, laini, umepakwa kama plasta. Nikagusa, ulikuwa na unyevu. Kulikuwa na mtu nyumbani. Sijui ilikuwaje. Labda kulikuwa na malkia wa pili amejificha, labda walijitengenezea mwingine, labda ni wageni walioona nyumba tupu wakaingia, jambo ambalo mimi siwezi kulilaumu. Sikusoma. Kwetu darasa la tatu lilikuwa linatosha kwa msichana.

Nikashusha kopo la mama. Lilikuwa na kutu kidogo. Nikafunika, nikanyunyiza, nikakaa, nikapiga.

Hakuna kitu.

Nikapiga tena kesho yake. Hakuna. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile mimi nilishika beseni. Mama ndiye aliyepiga. Mkono wangu ulikuwa unakwenda sawa, kushoto na kulia, kama askari, na nilipojaribu kuuchelewesha ulichelewa kama mlevi. Nilifumba macho nimsikie mama. Na kila nikimsikia, nyuma yake kilikuja kinanda. Maana mdundo wa mama ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, nami nilikuwa naziba masikio kila nikipita Misiera.

Nikapanda gari kwenda Mbarara. Kule kuna vijana wenye kompyuta mlangoni, wanakutilia nyimbo kwenye memori kadi ya simu.

"Nataka ule wa kwaya ya Nakivale," nikamwambia mmoja. Kuuita hivyo kuliniuma.

"Eh, mama! Ile iko moto. Hata Banyankole nacheza. Niweke na zingine yao?"

"Huo mumoja tu."

Nikalipa. Nilinunua mkono wa mama yangu kwa kijana ambaye alinipa na ushauri nizidishe sauti.

Nyumbani nikasubiri mvua ipite, nikafunika kichuguu, nikanyunyiza. Kisimu changu kilikuwa na sauti ya mbu. Nikakiweka ndani ya kopo, kopo nikaliegemeza pale pale alipokuwa analiegemeza mama. Nikabonyeza. Kwanza mwalimu akasalimia wapendwa wote popote walipo. Kisha kinanda. Kisha ngoma ikaingia, na bati likaanza kutetemeka chini ya kiganja changu. Ta. Ta-ta. Ta. Na kule kuchelewa. Vidole viwili visivyokunjika, ndani ya kopo lake.

Nilirudisha wimbo mwanzo sijui mara ngapi. Wafanyakazi wakatoka, wakapanua vitundu. Askari wenye vichwa vikubwa wakajipanga. Halafu wakamwagika.

Inawezekana ilikuwa mvua tu. Wangetoka hata ningewawekea mahubiri. Nimelifikiria hilo, na nimeamua sitalifikiria tena. Nikaokota mmoja na mabawa yake, nikatia mdomoni. Sikulia. Mdomo ulikuwa na kazi.

Na nani anakuja kwenye njia, tumbo mbele, sahani mkononi?

"Mama! Nasikia wimbo yangu kwa shamba yako! Hodi!"

"Karibu, mwalimu."

"Unaona? Niliambia batu. Niliambia! Bidudu binajua ile wimbo." Akachungulia beseni, akameza mate. "Aksanti kwa Bwana. Nigawie kidogo."

Nikachukua sahani yake. Nikachota kwa kikombe. Nikakishikilia juu ya beseni, sijamimina.

"Huu mudundo ni ya nani?"

"Ah, mama. Ni ya Bwana."

"Bwana alikaaka hapa na hii kopo?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Wimbo ukawa unaendelea ndani ya bati, yeye mwenyewe akiimba kwa sauti ya ujana wake. Akatazama barabarani kama kuna mtu. Akatazama sahani. Nilimwona anapima, na ninawajua watu wa kwetu: ndoto ni ndoto, lakini kumbikumbi kwenye beseni ni kumbikumbi.

"Ni ya koko," akasema, chini kabisa.

"Sisikii. Wewe si mwalimu ya kwaya?"

"Ni ya mama yako!"

Nikamimina sahani ikajaa.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasimulia ndoto upya, na safari hii ndani ya ndoto kulikuwa na malaika. Sikushangaa. Lakini kila mvua zinapokuja anasikia kopo likilia, na anakuja, na anasema, kwa sauti, ndipo namimina. Mwaka jana alijaribu kumtuma mke wake na sahani. Nikamwambia yule dada karibu, kaa, kula mpaka ushibe, wewe hukuiba kitu. Sahani ya bwana yako iache hapo chini. Aje mwenyewe aisemee.

Alikuja.